Plasta ya Bure

Jumatatu, 3 Machi
Daftari hili lilikuwa la binti yangu. Ameandika kurasa mbili mambo ya mikataba, akakosea, akalitupa. Daftari zima! Mama yake angekuwa hai angempa maneno yake. Mimi nimeliokota tu. Nitakuwa naandika humu. Mkono wangu umezoea koleo, lakini na kalamu utazoea.
Muhula umeanza leo. Binti yuko mwaka wa pili wa sheria. Mimi nimepata kibarua huko huko chuoni kwao. Wanajenga maktaba mpya nyuma ya madarasa ya sheria. Yeye anaingia geti la mbele, mimi la nyuma.

Alhamisi, 6 Machi
Zege kutwa. Jua kali.

Jumanne, 11 Machi
Tunapochanganyia zege kuna dirisha la darasa lao. Mashine ikizimwa unasikia kila kitu. Kuna mwalimu mmoja yeye hafundishi, anauliza tu. Anaita mtu, anasema, "Simama." Mtoto wa watu anasimama. Anaulizwa kesi. Nani kamshtaki nani? Hakimu alisema nini? Kwa nini? Akijibu anapigwa swali lingine. Akikosea haambiwi kaa. Anabaki hivyo hivyo wima mpaka kipindi kiishe. Leo nimehesabu sita.
Ngamia akaniuliza, "Hawa wanasomea sheria au ulinzi?" Ngamia ni mwenzangu kazini. Tunamwita hivyo kwa sababu hanywi maji mpaka jioni.
Nyumbani nimemuuliza binti. Kasema huyo wanamwita Simama, chuo kizima. Halafu akasema, "Baba, somo lake nilianguka mwaka jana."
Mwaka mzima hakuniambia.
Kasema analirudia. Ndiyo maana anakaa na wadogo zake darasani. Ukianguka mara ya pili unaondolewa chuo. Maandishi anayaweza. Kinachomwangusha ni mtihani wa mdomo. Wanamsimamisha mbele, wanauliza, yeye anakwama.
Namjua. Tangu mdogo anaongea polepole. Ukimtuma dukani anarudi na kitu sahihi, ila umeshasahau ulimtuma nini.

Jumamosi, 15 Machi
Meza ya kulia haionekani. Fotokopi tupu. Kila kesi kurasa thelathini, na ndani ya hizo thelathini wanatafuta mstari mmoja. Mimi nikamwambia, hiyo ni kazi ya kuchekecha mchanga. Akasema, "Ndiyo baba, ila mchanga huu kesho wanakuuliza kila punje imetoka wapi."
Vitabu maktaba wanapewa saa mbili mbili. Wapo mia tatu, kitabu nakala nne. Kwa hiyo wamejigawa makundi. Kila mtu kwenye kundi anafupisha kesi kumi, wanabadilishana. Kwenye kundi lake yupo msichana mmoja wanamwita Miwani. Wameshikana kama pete na kidole.

Jumapili, 16 Machi
Leo nimekuwa hakimu. Nimekaa juu ya ndoo, yeye kasimama mlangoni. Nikaitwa mheshimiwa. Nikamwambia, "Haya, sema." Akaanza vizuri. Nikamuuliza, "Kwa nini?" Swali hilo moja tu nalijua. Akakwama. Nikasema, "Sema upesi!" Akazidi kukwama. Nikapiga ndoo kwa kiatu. Akakusanya karatasi zake akaenda jikoni.
Mimi si mwalimu.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua ya kwanza. Kazi imesimama saa nane.

Ijumaa, 21 Machi
Mvua.

Jumanne, 25 Machi
Leo nimemsikia wangu. "Simama." Nikaacha koleo. Ngamia akanitazama. Nimesikia binti anaanza, "Mdai katika kesi hii..." halafu kimya. Simama akasema, "Tunasubiri." Kimya. "Bado tunasubiri." Watu wakacheka kidogo ndani. Msimamizi akawasha mashine, sikusikia tena.
Kipindi kilipokwisha nilichungulia. Alikuwa bado wima.

Alhamisi, 27 Machi
Simama kaja nyuma kwenye ujenzi. Ni mtu wa makamo, shati safi, mwavuli mkononi. Anauliza nani anajua plasta. Mvua imemwingilia, ukuta wa chumba chake unabanduka vipande vipande. Wenzangu wote wakaninyooshea kidole mimi. Nikasema Jumamosi nitakuja.

Jumapili, 30 Machi
Nimemaliza ukuta wa Simama. Jana nilibandua yote ya zamani, maana mtu aliyeipiga mwanzo alipiga juu ya vumbi. Nikaziba na huko juu maji yanakoingilia. Leo nimepiga mpya. Ukuta umenyooka, weka ubao mrefu huoni mwanya.
Akatoa pesa. Nikakataa. Nikamwambia, mwalimu wa mwanangu simlipishi. Akauliza mwanangu ni yupi. Nikamwambia.
Akarudisha pesa mfukoni. Akasema, "Haya, asante mzee wangu."
Ndivyo watu wanavyoishi. Leo kwako, kesho kwangu.

Ijumaa, 4 Aprili
Mvua. Msingi umejaa maji, tunachota kwa ndoo.

Alhamisi, 10 Aprili
Binti anasema Simama hamwiti tena. Wiki ya pili hii. Wengine wanasimamishwa, jicho linafika kwake linamruka. Nikasema, shukuru. Akasema, "Sishukuru. Asiponiuliza sitajua pa kurekebisha. Mtihani tarehe ishirini na nne."
Hawa watoto hawaridhiki.

Jumatano, 23 Aprili
Kesho mtihani wa mdomo. Lazima suti nyeusi. Kaazima koti la Miwani, mikono inamfika vidoleni. Nimeikunja kwa ndani, nikashona kwa mkono. Mshono wangu kama wa gunia, lakini hauonekani.

Alhamisi, 24 Aprili
Amerudi, hakula. Sikuuliza.

Jumatatu, 28 Aprili
Hii nitaiandika yote.
Kaingia na karatasi mkononi. Nilivyouona uso nikajua kaanguka.
"Umeanguka?"
"Sabini na nane, baba."
Nikajipiga paja. "Sasa mbona umenuna?"
"Nilikwama. Swali la pili tu nikakwama, nikasimama pale kama nguzo. La tatu nikajibu nusu. La nne sikujibu kabisa. Miwani kajibu yote, kapewa sitini na moja."
Mtu mwenye akili hapo angefunga mdomo. Mimi nikasema, "Basi ni muungwana. Ameelewa."
"Ameelewa nini?"
Nikajaribu kutoka nje. Kasimama mlangoni.
"Baba. Ameelewa nini?"
"Nilimpigia plasta."
"Lini?"
"Ule mwisho wa mwezi. Jumamosi na Jumapili."
"Uliniambia una kazi kwa mtu."
"Ndiye huyo mtu."
"Alikulipa?"
"Simlipishi mwalimu wa mwanangu."
"Alitoa akakupa ukakataa, au hakutoa?"
"Alitoa. Nilikataa."
"Ukanitaja mimi?"
"Nilimtajia."
"Maneno yenyewe, baba. Ulimwambia nini?"
Sijawahi kumsikia anaongea hivyo. Hakukwama hata neno moja. Nikamjibu kama mtu aliyeko kizimbani. Nikasema, nilimwambia hivi: yule mwembamba wa safu ya pili ni wangu, anachelewa kusema lakini kichwani yumo, umwangalie.
Akakaa chini, sakafuni, na koti la Miwani bado mwilini.
"Hiyo ni rushwa."
"Rushwa ni hela. Mimi nimetoa mgongo wangu."
"Sheria haiulizi imetoka mfukoni au mgongoni."
"Nimekusaidia!"
"Sasa hizi sabini na nane ni za nani? Zangu, au za ukuta?"


Jumanne, 29 Aprili
Asubuhi kavaa, kasema anakwenda kwa mkuu wa kitivo.
"Kufanya nini?"
"Kusema."
"Unakwenda kumsema baba yako?"
"Nakwenda kusema kilichotokea."
"Watakuondoa."
"Huenda."
Nikamwambia, mimi sisemi, Simama hasemi, ukuta hausemi. Atajua nani? Akasema, siku ya kuapishwa uwakili mtu anaulizwa kama kuna lolote kwenye masomo yake anaficha. "Nitaapa nimeshika nini, baba?"
Nikamwambia neno moja baya. Siliandiki humu. Akafunga mlango taratibu. Bora angeubamiza.

Jumatano, 30 Aprili
Hatuongei.

Ijumaa, 2 Mei
Ananiwekea chakula, anafunika, anaondoka. Ama hatii chumvi, ama mimi ndiye sina ulimi siku hizi.

Jumatatu, 5 Mei
Chuo kizima kimeshajua. Wanafunzi wawili wamepita karibu na zege, mmoja akaniambia, "Mzee, na matokeo yangu yana nyufa. Njoo uyapige plasta." Wakacheka wakaenda. Ngamia alitaka kuwafuata na koleo, nikamshika.
Darasa la Simama anafundisha mwanamke mwingine kwa sasa. Hasimamishi mtu.

Jumanne, 6 Mei
Nimesikia wakiongea mlangoni, kundi lao la kusoma limemtoa. Wanasema wakionekana naye na matokeo yao yatachunguzwa. Miwani ndiye aliyetumwa kumwambia. Koti lake kalichukua, na mshono wangu ndani.
Sasa kesi zote hamsini ni zake. Leo nilimkuta mezani amelalia fotokopi, kalamu bado iko mkononi. Nikaitoa. Hakuamka.
Nilitaka kuendelea kumkasirikia. Nimeshindwa.

Alhamisi, 8 Mei
Mvua kubwa. Tumejikinga chini ya bati. Simama kaja na mwavuli wake, kaniita pembeni.
"Mzee wangu, hujambo."
"Sijambo, mwalimu."
"Jambo hili limekuzwa bure. Kamati inakaa Alhamisi ijayo, utaitwa. Mimi nataka kulimaliza kwa heri."
Akatoa karatasi imechapwa. Na bahasha.
"Malipo yako, ambayo nilikusudia kukupa tangu siku ile. Na hii ni risiti. Weka sahihi hapo chini. Tarehe nimeweka ya siku ile ile, kwa sababu kazi ulifanya siku ile."
"Nikiweka inakuwaje?"
"Inakuwa ulilipwa. Ukilipwa hakuna zawadi. Hakuna zawadi, hakuna kosa. Binti anabaki na alama zake, wewe na kazi yako, mimi na heshima yangu."
Nikasema mimi kusoma kwangu ni kwa pole pole, aniachie nikasome. Hakupenda. Lakini angefanyaje, mvua ile, watu wanaangalia. Kaniachia vyote viwili.

Ijumaa, 9 Mei
Risiti nimeisoma mara nne. Mistari mitatu. Imeandikwa vizuri kuliko mimi ninavyoandika. Kasoro yake ni moja tu, haikutokea.
Ngamia nimemwambia. Kasema, "Kaka, mkono mtupu haulambwi. Mkono wako umekuwa mtupu maisha yako yote, na hakuna aliyeulamba. Leo kaja mtu na wino. Weka sahihi, mtoto asome."
Maneno yake yana uzito. Ana watoto watano, hakuna aliyevuka darasa la saba.

Jumapili, 11 Mei
Kalamu niliishika asubuhi. Niliiweka kabisa juu ya karatasi.
Halafu nikafikiri hivi. Kama mimi nililipwa siku ile, basi binti yangu alikwenda kwa mkuu wa kitivo akasema uongo juu ya mwalimu wake. Anayemsingizia mwalimu wanamfanya nini? Simama hakuniambia upande huo wa karatasi.
Nikaenda jikoni. Maneno yangu ya kwanza kwake tangu tarehe ishirini na tisa.
"Mama." Namwita mama kama ninavyomwita siku zote. "Mtu akisema uongo mbele ya hiyo kamati?"
"Akijulikana anafukuzwa."
"Na akisema kweli?"
Akafikiri. Anachelewa, anachelewa. Nikamngoja.
"Hapo sijui, baba. Hiyo bado hatujaisoma."
Nikacheka. Na yeye kidogo.
Ya risiti sikumwambia. Niliogopa ataniuliza maneno yenyewe.

Alhamisi, 15 Mei
Kamati.
Chumba kina zulia. Viatu vyangu vina tope la msingi, nimepiga hatua tano ndani na zote tano zimebaki pale, kila mtu anaziona. Meza ndefu, watu watano, jagi la maji ambayo hakuna aliyeyanywa. Mwenyekiti ni mama mmoja mtu mzima, sauti ndogo. Binti kakaa kiti chake peke yake, mbali na mimi. Ndivyo inavyotakiwa, shahidi asikae na mhusika. Simama upande wa pili, suti.
Simama kaanza yeye. Kasema alimlipa fundi siku ile ile kama inavyotakiwa, na risiti fundi anayo. Alama alizitoa kwa haki. Binti huyu ni msikivu, ila amechoka na masomo, pengine amechanganya mambo.
Amechanganya mambo! Nikamwona binti amegeuka kunitazama. Hajui risiti gani.
Nikaitwa. Mama mwenyekiti akasema, "Mzee, unayo hiyo risiti?"
"Ninayo."
"Tuione."
Nikaiweka mezani. Na bahasha juu yake.
"Hii haina sahihi."
"Haina."
"Kwa nini?"
"Kwa sababu sikulipwa. Karatasi hii nimeletewa Alhamisi iliyopita kwenye zege, na mvua inanyesha. Bahasha sijaifungua. Atazame mwenyewe kama imepungua."
Simama akasimama. Safari hii yeye ndiye aliyesimama. Mama mwenyekiti akamwambia akae, ataitwa.
Akanigeukia. "Plasta ulipiga bure?"
"Ndiyo."
"Kwa nini?"
Swali langu lile lile la kwenye ndoo. Kumbe ni zito ukiwa upande wa pili.
Nikasema, "Nilitaka amwangalie binti yangu kwa jicho zuri."
"Binti alijua?"
"Hakujua. Angejua angenizuia, na marehemu mama yake angenizuia vilevile. Alijua siku alipoona alama, akaja kwenu kesho yake asubuhi. Mimi nilimkataza. Nikamtukana."
Wote wanaandika. Mwingine, kijana wa pembeni, akauliza, "Mzee, ulijua kwamba unachofanya ni kosa?"
"Sikujua."
Nilijibu haraka. Wakaandika.
Halafu wakamuuliza binti kama ana la kusema. Akasimama. Akafungua mdomo. Pakawa kimya. Kimya kile kile cha dirishani. Nikataka kusema mimi badala yake. Mama mwenyekiti hakumharakisha. Kaweka kalamu chini, katulia, kama mtu anayengoja maji yachemke.
Binti akasema, "Zile alama si zangu. Naomba ziondolewe."
Akakaa. Hilo tu.
Tumerudi nyumbani pamoja kwa miguu. Njiani kasema, "Ungeniambia ya risiti."
Nikasema, "Ungelala?"
"Hapana."
"Basi."

Jumatatu, 19 Mei
Barua ya kamati. Kanisomea.
Sabini na nane zimefutwa. Atafanya upya mtihani wa mdomo tarehe ishirini na saba, mbele ya walimu watatu kutoka chuo kingine, milango wazi, anayetaka kuingia aingie. Akianguka, hiyo ndiyo mara ya pili. Anaondoka. Na aandike maelezo ya ukurasa mmoja, yeye na mimi tuweke sahihi, yakae kwenye faili lake. Siku akiomba uwakili watayasoma. Simama kasimamishwa kutahini, ana kesi yake peke yake.
Jioni msimamizi wangu, "Mzee, kesho usije. Mwenye kampuni anasema unaleta maneno na wenye kazi."
Karibu miezi mitatu ya zege. Ngamia kanisindikiza mpaka geti la nyuma. Kasema, "Ningekuwa mimi ningeweka sahihi." Halafu kasema, "Lakini nafurahi si mimi."

Jumatano, 21 Mei
Nimepata kazi kwenye ghala la matofali. Mbali. Natembea.

Alhamisi, 22 Mei
Kaniomba niwe hakimu. Nikasema mimi nilishindwa ile kazi. Akasema, "Hakuna mwingine, baba. Kundi sina."
Nikageuza ndoo, nikakaa. Akaanza. Nikauliza, kwa nini? Akakwama. Sikusema kitu. Nilikaa kama yule mama wa kamati. Jibu likaja. Refu, la mpangilio, hata mimi nimelielewa. Kisa cha mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa, aliyeuza hakusema. Hakimu akasema kunyamaza nako kunaweza kuwa uongo.
Nikamwambia kitu kimoja tu ninachokijua. Mwenye karai la zege kichwani hakimbii. Wenye haraka huko juu watapiga kelele, lete, lete! Usikimbie. Ukikimbia unamwaga, na kumwaga ndiko kunakochelewesha. Kanyaga, simama, kanyaga. Watangoja, maana zege unalo wewe.
Akaandika hiyo kwenye fotokopi yake. Pembeni ya maneno ya hakimu.

Ijumaa, 23 Mei
Matofali. Hakimu.

Jumamosi, 24 Mei
Matofali. Hakimu. Kesi ishirini na tisa tumemaliza.
Miwani kaja. Kasimama nje, hakutaka kuingia. Kaleta koti. Hakuomba radhi, kasema tu, "Utalihitaji Jumanne." Binti kalipokea. Baadaye kaniambia mshono wangu haujafumuliwa.

Jumatatu, 26 Mei
Mvua ndogo. Hakula. Nami sikula.

Jumanne, 27 Mei
Niliomba ruhusa nusu siku. Kiti cha mwisho kabisa. Viatu nimevisugua.
Watahini watatu, hawamjui, hawanijui. Nilifurahi hawatujui. Sikutegemea nitafurahia kitu kama hicho.
Swali la kwanza akajibu. La pili, kimya. Mtahini mmoja akatazama saa. Wanafunzi nyuma yangu wakanong'ona, "Ndiyo hivyo tena." Mimi nikatazama sakafu. Kanyaga, simama. Akajibu. La tatu akajibu nusu, wakamtoa kasoro, akasema, "Ni kweli, hapo nilikosea," akarekebisha. La nne akasema, "Hilo sijui." Hivyo hivyo, mbele za watu.
Nimerudi kwenye matofali mchana. Nimevunja mawili.

Ijumaa, 30 Mei
Hamsini na nne. Pasi ni hamsini.
Nikamwambia, ni chache. Akasema, "Chache, lakini zote zangu." Akaibandika karatasi ukutani, juu ya jiko.

Jumapili, 1 Juni
Mvua imekatika. Asubuhi kaandika yale maelezo ya faili. Kesho mwisho wa kuyapeleka. Kanisomea mezani, taratibu, halafu kanipa kalamu niweke sahihi.
Nikasema rudia ule mstari wa katikati.
Akarudia. "Baba yangu hakujua kwamba anachofanya ni kosa."
"Umeutoa wapi?"
"Ndivyo ulivyojibu kwenye kamati. Wameandika."
Nikaiweka kalamu chini.
Nimekuwa na jambo hili tangu siku ile. Nabeba nalo matofali. Nikamwambia, "Siku nilipokataa zile pesa, wewe nilikuambia nina kazi kwa mtu. Kwa mtu. Kwa nini sikusema kwa mwalimu wako?"
Akaweka karatasi mezani.
"Mimi plasta nimepigia watu wengi, sijawahi kukuficha jina la mtu. Yule nilimficha. Kwa hiyo nilijua kidogo."
"Baba, ukisema hivyo sasa, wanaweza kutuita tena."
"Wanaweza."
"Na hiki ndicho watakachosoma siku yangu ya uwakili. Alama nimeshapata. Tumeshamaliza."
"Wewe ndiye mwanasheria. Mimi nakwambia kilichotokea tu. Ukisema niweke sahihi kwenye hiyo, naweka."
Akanyamaza. Nimeshajifunza kumngoja. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira, wamegombana wamepatana, yeye bado. Chai imepoa. Nikaona anatazama karatasi yake, safi, haina doa, kaiandika asubuhi nzima.
Akapiga mstari juu ya ule mstari. Kwa rula. Halafu akachukua karatasi nyingine akaandika yote upya, tangu juu, mpaka akafika pale. Akauliza, "Tuseme alijua, au alijua kidogo?"
"Kidogo," nikasema. "Usiniongezee."
Akaandika. Akanigeuzia nisome mwenyewe. Nikafuata kwa kidole, neno kwa neno. Nikaweka sahihi.